Kichwa cha risasi kikae kina gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye bastola

Nilifanya kazi ghala la silaha kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Sasa niko Nkuhungu, hapa Dodoma, na siku nyingi utanikuta Hombolo kwenye mizabibu. Lakini simu haziishi. Wengine ni wafanyabiashara wenye bastola za leseni, wengine ni walinzi, na wengine ni vijana wetu walioko Afrika Kusini na Marekani, ambako sheria inaruhusu mtu kujaza risasi zake nyumbani, yaani kuziunda mwenyewe kutoka maganda. Maswali yao yanafanana, ndiyo maana nimeyaweka hapa pamoja.

Kwanza tukubaliane maneno, maana Kiswahili kinaita kila kitu "risasi". Hapa nikisema risasi nina maana ya kitu kizima unachoingiza kwenye magazini. Kichwa ni kile kinachotoka mtutuni. Ganda ni kikombe cha shaba nyeupe kinachobaki. Baruti imo ndani ya ganda, na fataki ni kale kaduara ka kitakoni kanakogongwa na pini.

Fundi, hicho "kina cha kichwa" ni kitu gani hasa?

Ni kiasi cha kichwa kilichozama ndani ya ganda. Hukioni kwa macho kwa sababu kimefichwa na ganda, kwa hiyo unakipata kwa hesabu ya shule ya msingi: chukua urefu wa ganda, jumlisha urefu wa kichwa, toa urefu wa risasi nzima.

Mfano wa 9x19, bastola ya milimita 9 ya kawaida. Ganda lina milimita 19.0, kichwa cha duara 14.2, risasi nzima 29.2. Ukijumlisha na kutoa unabaki na 4.0. Hizo milimita nne ndizo zilizozama. Sasa chukua kichwa chenye tundu puani, chenye urefu wa 15.0, kikashindiliwa hadi risasi nzima iwe 28.2. Hapo kimezama 5.8. Risasi hizo mbili ukizishika mkononi tofauti yake ni milimita moja tu, lakini ndani ya ganda mambo ni tofauti kabisa.

Kwa kawaida watu hawasemi kina, wanasema urefu wa risasi nzima, kwa kuwa huo ndio unaopimika kwa vania, kile kipimo chenye taya mbili za kubana, bila kubomoa kitu. Sawa. Ila kumbuka kwamba urefu ni dirisha tu la kuchungulia kina.

Sehemu ya milimita inawezaje kuleta balaa?

Ganda la milimita 9 ni dogo. Ukitoa unene wa kitako na ukatoa sehemu iliyokaliwa na kichwa, chumba kinachobakia kwa ajili ya baruti hakizidi sana sentimita moja kwenda chini. Ukisukuma kichwa ndani kwa robo tatu ya milimita, umepunguza chumba hicho kwa asilimia kadhaa, na baruti ni ile ile.

Kama ingekuwa maji, asilimia hizo zisingemuumiza mtu. Baruti ya bastola haiko hivyo. Presha ikipanda nayo inawaka kwa kasi zaidi, ikiwaka kwa kasi presha inapanda tena, na yote hayo yanaisha kabla kichwa hakijasogea sana. Ni kama moto wa nyasi kavu mwezi wa Septemba: upepo unauchochea, nao moto unajitengenezea upepo wake.

Kampuni ya Speer ya Marekani, inayotengeneza vichwa vya risasi, iliwahi kueleza jaribio lake la milimita 9 ambalo wajazaji wanalinukuu hadi leo. Kwa kipimo cha zamani cha kuponda vipande vya shaba, risasi zilizokuwa na presha ya 28,000 zilifika 62,000 baada ya vichwa kuzamishwa makusudi kwa inchi 0.030 zaidi. Inchi 0.030 ni milimita 0.76. Toa kadi yako ya benki mfukoni uitazame kwa ubavu. Unene wake ni huo huo.

Kikomo cha Marekani kwa milimita 9 ya kawaida ni pauni 35,000 kwa inchi ya mraba. Vipimo hivyo viwili si kimoja, usiviweke kwenye mstari mmoja wa hesabu, lakini presha kuongezeka zaidi ya maradufu kwa unene wa kadi haihitaji mtaalamu wa kuitafsiri.

Risasi nene yenye ganda kubwa haina hasira kiasi hicho. Ile ya .45 (namba hizi za nukta zinatokana na unene wa kichwa kwa inchi) ina kikomo cha 21,000 tu na chumba chake kina nafasi. Kinachotisha ni hizi ndogo zenye presha kubwa: milimita 9 na .40.

Mbona babu yangu kule Manyoni alitufundisha kushindilia gobore mpaka mwisho?

Babu alikuwa sahihi. Kwenye gobore, gololi lazima ishuke hadi iikalie baruti. Ikibaki juu kukawa na uwazi katikati, hapo ndipo mtutu unapopasuka. Ndiyo maana wazee walikuwa na alama kwenye mshindilio: alama ikibaki nje ya mdomo wa mtutu kuliko kawaida, hawafyatui.

Kwa bastola ya kisasa hatari imegeuka. Kipimo cha baruti kimewekwa kwa kudhani kwamba kichwa kitakaa mahali fulani na kuacha uwazi fulani. Ukishindilia kwa mkono wa gobore, umeua hesabu hiyo. Ila ile tabia ya kuweka alama na kuitazama kila mara, hiyo ichukue kwa babu kama ilivyo.

Kwa hiyo kichwa kikizama zaidi, risasi inakuwa na nguvu zaidi?

Inakuwa na presha zaidi. Kasi inaongezeka kidogo, hatari inaongezeka sana. Usijaribu.

Naweza kujaza risasi zangu mwenyewe hapa Dodoma?

Hapana. Kutengeneza risasi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni ya kumiliki bastola haikupi ruhusa ya kuijazia, na baruti na fataki si bidhaa za kununua kama misumari pale Majengo. Usimpelekee fundi wa mtaani maganda yako, hata akikuonyesha aliyomjazia fulani yakalia vizuri. Hapa nchini risasi zinatengenezwa na viwanda vyenye mamlaka, kama Shirika la Mzinga la Morogoro.

Kwa hiyo majibu yanayofuata kuhusu kujaza yanamhusu aliyeko nchi inayoruhusu, anayefuata sheria ya huko. Wewe uliyeko Kisasa au Area D unaweza kuruka hadi swali linaloanza "Mimi sijazi chochote". Hilo ni lako, na kwa maoni yangu ndilo muhimu kuliko yote hapa.

Kitabu kimeandika urefu wa mwisho wa milimita 9 ni 29.69. Kwa nini nisiufuate huo tu?

Kwa sababu hicho ni kikomo, si shabaha. Barabara ya Iringa ukiona kibao cha 80 huendi 80 kwenye kona yenye mbuzi.

Urefu wa 29.69 umewekwa ili risasi ya kampuni yoyote iingie kwenye magazini ya bastola yoyote ya milimita 9. Hausemi kama kichwa ulichonunua wewe kitaingia kwenye mtutu wako. Mbele ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi, kuna sehemu fupi laini, kisha inaanza mifereji inayozungusha kichwa. Bastola nyingine zina sehemu laini ndefu, nyingine fupi. Zile za ukoo wa CZ 75 zinajulikana duniani kote kwa ufupi huo: risasi inayoingia bila shida kwenye bastola ya jirani inagoma kwao.

Umbo la kichwa nalo lina neno lake. Kichwa chenye pua ya mviringo kinapungua mapema, kwa hiyo kinaweza kutokeza mbele sana bila kugusa mifereji. Kichwa butu kinabeba unene wake hadi karibu na ncha, kinagusa mapema, kwa hiyo lazima kishindiliwe chini zaidi. Ukikutana na data inayosema 28.9 kwa kichwa cha duara, huwezi kuihamishia kwa kichwa butu eti kwa sababu uzito ni mmoja.

Vikomo vingine, kwa faida ya wanaouliza kila wiki: .380 ni milimita 24.99, .40 ni 28.83, .45 ni 32.39. Rivolva ya .38 ni 39.37 na .357 ni 40.39.

Basi nitaupataje urefu wa bastola yangu?

Kwa kudondosha. Hii ndiyo njia ya zamani na bado sijaona iliyo bora.

Fungua bastola, toa mtutu, usafishe chemba mpaka iwe kavu. Tengeneza risasi bubu: ganda na kichwa, hamna baruti, hamna fataki. Narudia, hamna baruti wala fataki. Ganda liwe limepitishwa kwenye dai (kile chuma cha umbo kinachofungwa kwenye mashine ya kujazia) ya kulirudisha umbo, kama ungefanya kwa risasi ya kweli. Shindilia kichwa kiwe kirefu makusudi, karibu na kikomo.

Shika mtutu chemba ikitazama juu. Achia risasi bubu idondoke kwa uzito wake, usiisukume. Iliyo sawa inaanguka na kulia "tok", kavu, kama kokwa la embe likigonga sakafu. Kitako kinakaa usawa na mwisho wa chemba. Sasa izungushe kwa ncha ya kidole: inazunguka bila kukwaruza. Kisha pindua mtutu: inaanguka yenyewe mkononi. Lazima zote tatu zitimie. Ikilia tok lakini ikagoma kutoka, haijafaulu.

Ikigoma, teremsha dai ya kushindilia kidogo sana, milimita 0.1 hivi, shindilia, dondosha tena. Endelea hivyo hadi ifaulu. Andika urefu huo. Huo ndio mwisho wa mtutu wako kwa kichwa hicho. Kisha punguza tena kama milimita 0.4, kwa sababu mashine haitoi risasi zote sawa na chemba haitabaki safi siku nzima.

Mpaka hapo umepata urefu mkubwa unaowezekana. Sasa ndipo unarudi kwenye data ya mtengenezaji wa baruti au wa kichwa. Kama urefu wake ni mfupi kuliko wako, tumia wake, uko salama. Kama wako umelazimika kuwa mfupi kuliko wake, hapo simama. Umekula chumba cha baruti kuliko alivyojaribu yeye. Tafuta data ya kichwa chenye umbo hilo kwa urefu huo, uanze kwenye kipimo chake cha chini kabisa cha baruti na kupanda taratibu. Kama hakuna data hiyo, badilisha kichwa. Kuna kijana alinipigia kutoka Pretoria akilalamika kwamba hilo ni gharama. Ni gharama kweli. Vidole navyo ni gharama.

Imegoma kuingia. Nitajuaje inagusa wapi?

Paka risasi bubu yote rangi ya kalamu nyeusi nene, ile ya kuandikia maboksi. Ikauke. Idondoshe chembani, izungushe mara moja, itoe, uisogeze dirishani.

Ukiona vimistari vifupi kwenye kichwa chenyewe, vimejipanga kwa nafasi sawa kuzunguka pua, ni mifereji: kichwa kimetokeza mno, zamisha. Ukiona duara limekwanguka kwenye mdomo wa ganda, mdomo haujabanwa vya kutosha, bado umepanuka kama tarumbeta. Hapo kuzamisha kichwa hakusaidii kitu. Ukiona rangi imetoka chini karibu na kitako, ganda limevimba na dai haikulirudisha umbo.

Watu wengi wanaona risasi imegoma na mkono wao wa kwanza unaenda kwenye kuzamisha. Nusu ya wakati kosa lilikuwa la mdomo wa ganda, na wao wamejiongezea presha bure. Weka rangi kwanza.

Ikiingia kwenye mtutu, imekwisha?

Bado magazini. Jaza magazini na risasi bubu, hakikisha hazikwaruzi ukuta wa mbele, kisha koki polepole kwa mkono uone kama zinapanda. Risasi fupi mno nayo inaleta shida: inaingia ikiwa imeinamisha pua na inakwama kwenye ngazi ya kupandia, ule mteremko wa kuingilia chemba.

Nimebadilisha kampuni ya kichwa, uzito ni ule ule. Niendelee na urefu wa zamani?

Usiendelee. Uzito haukuambii urefu wa kichwa wala umbo la pua. Kichwa cha madini ya risasi pekee na kichwa chenye koti nene la shaba au tundu puani vinaweza kulingana kwenye mizani na kutofautiana kwa milimita nzima kwenye vania. Rudi kwenye kudondosha, na rudi kwenye hesabu ya kina.

Napima risasi kumi napata vipimo kumi. Mashine ni mbovu?

Huenda siyo. Tofauti ya milimita 0.05 hadi 0.1 ni ya kawaida kwa mashine ya nyumbani. Vania inapima kwenye ncha, lakini dai inasukuma kichwa begani, na ncha hazitoki kiwandani zikiwa sawa, hasa zenye tundu.

Ila angalia mwelekeo. Vipimo vikiwa vinapanda na kushuka, ni asili ya vichwa. Vikiwa vinapungua tu, mia ya kwanza 29.0, mia ya pili 28.9, mia ya tatu 28.8, fungua dai. Mara nyingi utakuta nta ya vichwa vya madini ya risasi imejikusanya ndani ya kisukumio na kuganda, na kila kichwa kinasukumwa chini zaidi kuliko mwenzake. Futa kwa kitambaa, pima upya, na zile fupi zitenge zote.

Nikibana mdomo wa ganda kwa nguvu, kichwa si kitashika vizuri zaidi?

Kinyume chake. Kinachoshika kichwa ni ukuta wa ganda kukikumbatia urefu wote uliozama. Ukibana mdomo kupita kiasi, kichwa kinaminywa na kubaki kimeminyika, lakini ganda linarudi nyuma kidogo kama kipande cha bati. Kumbatio linalegea. Kwa milimita 9, mdomo ukisoma kati ya 9.60 na 9.65 inatosha, kazi yake ni kuondoa tarumbeta tu. Tena risasi hizi zinasimama chembani kwa mdomo wa ganda, kwa hiyo ukiukunja ndani sana risasi inakosa pa kusimamia.

Jaribu hivi kwa risasi bubu: pima, kisha kandamiza pua yake kwenye ukingo wa meza kwa nguvu ya dole gumba, pima tena. Ikipungua, ganda halijashika.

Mimi sijazi chochote. Nina bastola ya leseni na risasi za kiwandani. Haya yananihusu nini?

Yanakuhusu sana, na ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Mtu ana bastola moja na risasi kumi na tano. Asubuhi anaingiza magazini, anakoki, risasi ya juu inapanda chemba. Jioni akifika nyumbani anatoa magazini, anakoki, ile risasi inaruka kitandani. Anaiokota na kuirudisha juu ya magazini. Kesho asubuhi, risasi ile ile. Kesho kutwa, ile ile. Kila inapopanda, pua yake inagonga ngazi ya chemba huku slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, ikiisukuma kwa nyuma na springi yote. Kila mara kichwa kinaweza kurudi ndani kidogo, nywele moja, nywele mbili.

Nimeliona hili kwa macho, na aibu ni yangu. Nikiwa bado kazini nilipokea bastola za walinzi wa lindo fulani kwa ukaguzi. Nilikagua pini, springi, mtutu, vyote safi. Nilikuwa nakaribia kutia saini pale mlinzi mmoja, kijana wa Kondoa, aliponiambia, "Mzee, hii risasi yangu kama imeota kibiongo." Niliisimamisha mezani na kuipanga na wenzake wanne. Ilikuwa fupi kama mtoto aliyesimama kwenye foleni ya watu wazima. Vania ilisoma 28.1. Wenzake walikuwa 29.2. Milimita 1.1 ndani, zaidi ya kadi ya benki, na baruti yake haijapungua hata punje. Kichwa kilikuwa na makovu puani ya kugonga, mengi hata hayahesabiki. Nilimuuliza ameipandisha chemba mara ngapi. Akacheka: "Kila zamu, Mzee, tangu nianze kazi." Mimi ndiye niliyewafundisha kutoa na kurudisha, na sikuwahi kuwaambia wabadilishe ya juu.

Kwa hiyo fanya hivi. Unapoitoa jioni, usiirudishe juu. Ipeleke chini kabisa ya magazini. Iwekee nukta ya kalamu kitakoni kila inapopanda chemba, ujue zipi zimepanda mara ngapi. Kila mwisho wa mwezi zisimamishe zote mezani kwa vitako, mezani pawe sawa kabisa, ulaze rula juu ya pua. Fupi itajionyesha kwa mwanga unaopita chini ya rula. Na usiingize risasi moja kwa mkono chembani kisha uachie slaidi juu yake ili kukwepa kugonga; unaokoa kichwa na kuvunja kivuta ganda.

Ikiwa fupi kiasi gani niitenge?

Mimi natenga inapopungua milimita 0.25 kulinganisha na wenzake wa boksi moja. Kama jicho linaona bila vania, muda umeshapita. Linganisha boksi kwa boksi, siyo kwa namba ya kitabu, kwa sababu kiwandani nako kila aina ina urefu wake.

Siwezi kukivuta kichwa nje kwa koleo kikarudi mahali pake?

Usithubutu. Ukikivuta, ganda limeshalegea, kitarudi ndani mara ya kwanza tu kitakapogonga ngazi. Na unashika kwa koleo kitu chenye fataki hai.

Nina rivolva. Nayo iko hivyo?

Rivolva haina ngazi ya kugonga, kwa hiyo kichwa hakirudi ndani kwa njia hiyo. Yake ni kinyume: zikifyatuliwa za kwanza, mshindo wa nyuma unavuta maganda yaliyobaki, na kichwa kilicholegea kinatambaa kwenda mbele. Kikitokeza nje ya silinda, silinda haizunguki, na bastola imekufa mkononi katikati ya shughuli. Ndiyo maana vichwa vingi vya .38 na .357 vina mfereji kiunoni, na mdomo wa ganda unakunjwa ndani ya mfereji huo. Hapo hakuna haja ya kubuni kina: mfereji umeshakiamua.

Kuna kichwa bapa cha .38 cha kulengea shabaha kinachozamishwa chote hadi usawa wa mdomo wa ganda. Mtu akikuonyesha, usidhani ndiyo ruhusa ya kuzamisha kila kitu. Kinapewa baruti kidogo sana kwa sababu hiyo hiyo.

Joto na vumbi la Dodoma linaathiri?

Kina hakibadilishwi na joto. Baruti ndiyo inayobadilika tabia, kwa hiyo usiache risasi kwenye dashibodi mchana wa Oktoba. Vumbi ndilo linalodanganya watu. Upepo wa Agosti na Septemba ukichanganyika na mafuta uliyopaka mengi kwenye chemba, unapata uji, na risasi nzima, safi, inagoma kukaa. Kabla ya kulaumu risasi, pitisha kitambaa kikavu chembani na ujaribu tena. Na risasi zenyewe zisipakwe mafuta kabisa.

Ninunue vania gani?

Ya dijitali inayosoma sehemu ya mia ya milimita inatosha, au ile ya kusoma kwa mistari kama macho yako bado yana nguvu. Ya plastiki ya kuchezea hapana. Kabla ya kupima, ifunge, ona inasoma sifuri, kisha pima keekee mpya ya milimita 10 upande wa mkia. Ikisoma 9.7, umepata sababu ya kuirudisha dukani.

Zile nilizozitenga nizipeleke wapi? Niliambiwa nizitupe chooni.

Usizitupe chooni, usizichome, usizigonge kwa nyundo. Ziweke kwenye kikopo tofauti chenye kifuniko, uandike "MBOVU" kwa kalamu ile ile ya nukta, uzihesabu, uzipeleke kituo cha polisi pamoja na kitabu chako cha leseni. Omba wakuandikie kwamba wamezipokea na ni ngapi, maana siku ya ukaguzi hesabu ya risasi ulizonunua na ulizonazo lazima ikutane.